Mpira Uliogusa Unga

Mama Geneviève wa ukurasa wa ushauri, pokea salamu za mzee anayekuandikia akiwa amelala, kwa hiyo ukiona mistari yangu inapanda mlima na kuteremka usifikiri nimelewa, ni mto tu umewekwa vibaya chini ya mgongo wangu, na binti yangu Uwamariya amekwenda kuuza maziwa na hakuna wa kuusogeza. Nina miaka themanini na moja. Mwezi uliopita daktari alinipima, akanitazama, akamtazama Uwamariya, kisha akaniuliza napenda kula nini, na mimi niliyekuwa mkurugenzi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita naelewa maana ya swali kama hilo. Lakini sikuandikii kwa sababu ya kufa, hilo limeshapata utaratibu wake, hata wimbo wa kuingilia kanisani umechaguliwa. Nakuandikia kwa sababu ya mpira mmoja wa tenisi.

Tafadhali usicheke, au cheka kwanza umalize, halafu endelea kusoma.

Huku kwetu Nyamitaba palikuwa na uwanja wa tenisi ulioachwa na mzungu mwenye shamba la miti ya kwinini alipoondoka, nao ulikuwa na wavu, na kiti kirefu cha mwamuzi, na udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri, ila haukuwa na chokaa ya kuchorea mistari, kwa sababu chokaa ilitoka Goma na kila aliyetumwa kuileta alirudi na maelezo badala ya chokaa. Aliyetuokoa ni Esdras. Esdras ni mkulima wa muhogo na maharagwe, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, ambaye ujanani alikuwa akiokota mipira ya yule mzungu na kujifunza mchezo kwa macho tu, na raketi yake ya kwanza ilikuwa imetupwa jalalani akaifunga nyuzi upya kwa nailoni ya wavuvi aliyoifuata mpaka Shasha. Siku moja tunagombana habari ya chokaa akasema, “Chokaa ya nini, na mama yangu iko na unga ya muhogo yenye iliingia wadudu?” Tangu siku hiyo mistari yetu ilichorwa kwa unga wa muhogo, Esdras mwenyewe akitembea kinyumenyume na kopo lililotobolewa, na mchezo ukiisha tulifungua uzio ndama wakaingia kuiramba yote, kwa maana akina mama walitupa unga huo kwa sharti kwamba usipotee bure.

Jambo la pili ulijue, hatukuwa na mwamuzi. Tulikuwa naye zamani, lakini kila aliyepanda kile kiti kirefu aligeuka kuwa shemeji wa mchezaji mmoja, na baada ya mashemeji wawili kuteremshwa kwa kuvutwa miguu tukakubaliana kwamba kila mchezaji ataamua mwenyewe mipira inayoangukia upande wake. Mpira ukianguka kwako, wewe ndiye unayesema bon au nje, na neno lako ni la mwisho. Ukigusa mstari, hata kwa unywele, ni bon. Ukiwa na shaka, pointi ni ya mwenzako. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe kwenye ubao wa mlangoni, kwa mwandiko mzuri sana.

Mwaka wa 1987, mwezi wa tisa, mimi na Esdras tulifika fainali. Zawadi ilikuwa fromage, jibini nzima ya Masisi, mviringo, kubwa kama kigoda, imekaa juu ya meza chini ya kitambaa cheupe ikitutazama. Ilikuwa seti moja tu, kwa sababu mvua ya saa tisa haimsubiri mtu amalize. Nilianza vizuri, nikamwongoza nne kwa moja, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo watu wamelisimulia miaka thelathini na minane. Esdras alipiga mpira ukaanguka pembeni mwangu, watu wote wakapiga kelele, “Nje! Iko nje!” na mimi nikanyanyua mkono nikasema, “Hapana, umegusa. Pointi ya Esdras.” Mama, walipiga makofi kama nimefufua mtu. Mchungaji aliyekuwa pale alilihubiri Jumapili iliyofuata. Na kweli ule mpira uligusa, sikudanganya, lakini nikuambie kilichokuwa moyoni mwangu, nilikuwa na nne yeye moja, kwa hiyo haki siku ile haikuniuma hata kidogo, niliitoa kama mtu anayetoa koti kuukuu.

Kisha Esdras akaamka. Akapata mbili, tatu, nne. Nikatafuta pumzi nikapata ya tano, tukafika mchezo wa kumi, mimi ndiye ninayeanzisha, arobaini kwa thelathini. Pointi moja na fromage ni yangu. Nikaanzisha, Esdras akaurudisha kwa ile nailoni yake ya wavuvi, mpira ukanipita ukaenda kona ya kushoto, mstari wa nyuma.

Niliuona. Sitasema jua lilinipiga machoni, jua halikuwapo. Uliangukia juu ya mstari, unga ukaruka kama mtu amepiga chafya ndani ya kinu. Nikainua kidole kimoja nikasema “Nje,” tena kwa sauti ya chini, yenye huzuni kidogo, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kupeperusha unga kila upande, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Nikasikia watu nyuma yangu, “Papa Directeur amesema nje.” “Basi iko nje. Huyu njo alimupatia ingine bure, atamuiba hii?” Nikageuka kama mtu anayetafuta taulo lake, nikakanyaga alama, nikauokota mpira. Ulikuwa na doa jeupe ubavuni, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nikautia mfukoni mwa kaptula.

Esdras akaja kwenye wavu. Akauliza, “Ilikuwa nje sana, Papa?” Nikajibu, “Vidole viwili.” Akasema, “Ah. Vidole viwili,” akanipa mkono, akaenda kufungua uzio, ndama wakaingia wakaramba ushahidi wote mpaka udongo ukang'aa. Fromage tulikula pamoja, kila mtu kipande, Esdras akatafuna cha kwake polepole akasema, “Fromage ya haki iko na ladha yake.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote.

Marehemu mke wangu Nyirabahire alifua ile kaptula. “Iko na unga kwa mufuko,” akaniambia. Nikasema nilimsaidia Esdras kuchora mistari. “Esdras anachoraka peke yake,” akasema, akaianika, na hakulitaja tena mpaka Mungu alipomchukua miaka sita iliyopita. Ila kila nilipomkosoa kwa jambo lolote, hata chumvi kwenye maharagwe, alikuwa akinitazama mfukoni.

Utaniuliza kwa nini. Sikuwa na njaa ya fromage, ng'ombe tulikuwa nao na jibini tulitengeneza nyumbani. Ni kwamba wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakinitazama, na mimi nilikuwa na diploma na raketi ya kununuliwa, na sikuweza kuwaza kwamba wataniona nikishindwa na mtu anayechora mistari. Nimeiandika hiyo sentensi mara tatu nikaifuta mara mbili. Sasa inabaki.

Kuanzia hapo nikaitwa Papa Mustari. Mbuzi akiingia kwenye maharagwe ya jirani, wanakuja kwangu. Wanakwaya wakigombania nani aanzishe wimbo, kwangu. Harusi ikikwama kwa sababu ya maneno ya wajomba, “Muite Papa Mustari, yeye haone ndugu wala rafiki.” Na nimejitahidi, Mama, naapa nimejitahidi, kwa hofu tu ya ule mpira nimewahukumu watu kwa haki miaka yote hiyo, hata dhidi ya shangazi zangu. Anayenisifu kuliko wote ni Esdras. Kila harusi, kila kilio, lazima atoe ile hadithi ya pointi niliyompa, na akiimaliza ananigeukia mbele ya watu na kuniuliza, “Na ile ya mwisho, Papa? Uliiona muzuri?” nami najibu, “Vidole viwili,” na watu wanapiga makofi.

Mpira ninao. Umo ndani ya bati la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Tumekimbia vita mara nne, mara moja usiku na mvua, na mara zote nne nimeubeba. Mara ya pili niliacha diploma yangu ukutani na viatu vyangu vya Jumapili, na Uwamariya alipofungua bati tulikokuwa tumefikia akitumaini kupata maziwa ya watoto, akaukuta huo, aliunyanyua mbele ya uso wangu. “Papa, umeacha viatu ukabeba mupira?” Nikamwambia ni kumbukumbu. Na kweli ni kumbukumbu, doa bado lipo, limekuwa la manjano.

Sasa Esdras siku hizi anaishi kwa mwanawe huko Kashebere, lakini aliposikia habari za daktari alipanda pikipiki kwa barabara ile unayoijua, mtu wa miaka sabini na minane, akaja na kifuko cha unga wa muhogo na daftari la shule. Unga ni desturi yake, hajawahi kuja kwangu bila kuniletea, ingawa anajua vizuri tumbo langu ni la maziwa na viazi, na Uwamariya humgawia jirani. Daftari ndilo jipya. Amefikia kwa mpwa wake Mamy, dakika kumi kutoka hapa, na amejitwika kazi ya kutoa hotuba kwenye maziko yangu. Jumapili iliyopita alinisomea.

“Marehemu alikuwa muntu wa haki,” akaanza.

“Esdras, umenifanya marehemu na chai yangu haijapoa.”

“Ni brouillon, Papa, ya kujaribia tu. Vumilia.” Akaendelea, na yote yalikuwa mazuri, shule, watoto, ng'ombe, kisha akafika kwenye fainali, akaisoma pointi niliyompa, na hapo akasimama. Akachomoa kalamu. “Hapa kwa mupira wa mwisho nimeacha nafasi. Niandike nini?”

“Andika ulikuwa nje.”

“Kwa vidole ngapi?”

“Viwili.”

Akaandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza. Akafunga daftari akasema, “Jumapili nitakuletea ya propre, yenye niliandika safi, uisikilize mara ya mwisho.”

Tangu siku hiyo silali. Miaka yote uongo wangu ulikuwa wa mdomo, sasa umeandikwa kwa wino, na utasomwa mbele ya watoto wangu, juu ya jeneza langu, na mtu niliyemwibia, na mimi nitakuwa nimelala pale siwezi hata kukohoa. Nikimwambia, nampoteza rafiki wa mwisho niliye naye duniani, kwa maana wengine wote wameshatangulia, na yeye atakuwa amesimulia upuuzi miaka thelathini na minane mbele ya watu, mzee mzima, na ni mimi nimemfanya hivyo. Nisipomwambia, nazikwa na sifa isiyo yangu kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Nimewaza nimwachie Uwamariya bati na barua ya kufunguliwa baadaye. Nimewaza pia niseme tu sikumbuki, umri wangu unaruhusu. Naomba uniambie lipi, na uniambie upesi, kwa sababu Jumapili iko karibu, na sina hakika mimi na Jumapili nani atatangulia.

Ni mimi,
Papa Mustari, Nyamitaba.
(Tafadhali sana usitoe jina langu.)

*

Papa Mustari,

Umeniomba nisitoe jina lako, kisha ukaweka sahihi kwa jina ambalo kila mbuzi wa Nyamitaba analijua, ukataja uwanja pekee wa tenisi uliowahi kuwepo milimani na mstari uliorambwa na ndama. Nikificha jina hapo nitakuwa nimeficha nini? Kwa hiyo nimefanya hivi. Gazeti letu linatoka tarehe mosi, na barua yako itakuwemo kama ulivyoiandika, kwa sababu uliiandikia gazeti na kwa sababu ni nzuri. Jibu langu nimelinakili nikampa Uwamariya, aliyeniletea barua yako, leo Alhamisi, akusomee kwa mdomo wake. Unayo Jumapili moja, Papa. Baada ya hapo Esdras atanunua gazeti kama watu wengine.

Pole kwa ugonjwa. Pole pia kwa ule mto, nimemwambia Uwamariya ausogeze kabla hajaanza kusoma.

Nilicheka, ndiyo, uliniruhusu. Nilicheka mpaka kwa ndama. Lakini nilipofika kwenye sentensi uliyoifuta mara mbili niliacha, na ni vizuri umeiacha ibaki, kwa maana hapo ndipo penye kosa lenyewe. Mpira ni mpira. Ulimwibia mtu pointi kwa sababu ulidhani mchora mistari hastahili kukushinda, na ulimwibia kwa kutumia sheria uliyoiandika wewe, na mbele ya watoto uliokuwa unawafundisha kusoma sheria. Sitakupapasa hapo. Na usiniletee habari ya mbuzi uliowahukumu kwa haki. Nakubali, umewahukumu vizuri, na watu wa Nyamitaba wamefaidika na hofu yako. Ila hao hawakuwa Esdras.

Sasa nikuulize, wewe uliyesomesha miaka ishirini na sita. Mwanafunzi akikuuliza swali moja kila mwaka, kwa maneno yale yale, mbele ya darasa lote, ungesema huyo hajui jibu? Esdras alisimama upande wa pili wa wavu. Mistari ile aliichora yeye, kwa unga wa mama yake, kinyumenyume, anajua kila mahali ulipokuwa mzito na kila mahali ulipokuwa mwepesi. Aliuona ukiruka. Alifungua uzio yeye mwenyewe, bila kuambiwa, ndama wakaingia upesi. Fikiri vizuri alikuwa anamfichia nani. Na mtu huyu, Papa, hajawahi kuja nyumbani kwako bila kukuletea unga wa muhogo, wewe usiyekula muhogo! Miaka thelathini na minane ya unga! Na wewe unaugawia majirani na kuuita desturi. Mke wako angekuwapo angekutazama mfukoni.

Sisemi nina hakika. Mimi sikuwepo, na huenda mkulima wa muhogo analeta muhogo kwa sababu ndicho alicho nacho. Lakini Jumapili iliyopita alikuachia nafasi tupu kwenye daftari, akachomoa kalamu, akakuuliza aandike nini. Amepanda pikipiki kutoka Kashebere kwa umri ule, kwenye barabara ile, akuulize tena kabla hujaondoka. Ukamjibu vidole viwili. Aibu, Papa.

Kuhusu bati na barua ya kufunguliwa baadaye: hapana. Hilo ni kupiga mpira na kukimbia kabla haujarudi. Unamwachia binti yako kazi ya kupokea uso wa Esdras, na Uwamariya ameshabeba mengi, pamoja na bati lisilo na maziwa. Kuhusu kusema hukumbuki: mtu anayekumbuka kwamba unga uliruka kama chafya ndani ya kinu asimwambie mtu kwamba hakumbuki.

Nilimwuliza Jean-Marie, anayefundisha vijana tenisi kule Goma, kwa sababu mimi tenisi naijua kwa kusikia tu. Sikumtajia majina. Nikamweleza: mchezaji yuko arobaini kwa thelathini, pointi ya mwisho, mpira wa mwenzake umegusa mstari, yeye anasema nje. Ikibainika alikosea, mnafanyaje? Nilitegemea aniambie mwizi anapigwa faini au anafungiwa. Yeye akajibu kama mtu anayeulizwa saa, “Pointi inakwenda kwa mwenzake. Ni arobaini kwa arobaini, égalité. Wanaendelea.”

Nikamwuliza tena, “Wanaendelea?”

“Ndiyo, Mama. Mchezo haujaisha. Mwenye kuanzisha anaanzisha.”

Papa, nilikaa na hilo neno jioni nzima. Umeishi miaka thelathini na minane ukijua hukushinda, na ukidhani kwa hiyo Esdras ndiye aliyeshinda na wewe umemnyang'anya. Si hivyo hata kidogo. Hakuna aliyeshinda. Huenda pointi mbili zilizofuata zingekuwa zako kwa haki, ukala fromage yako bila kutapatapa usingizini. Huenda zingekuwa zake. Hukutaka kujua, ndiyo maana ulisema nje. Ulichomnyima ni kuucheza mchezo mpaka mwisho pamoja nawe kama mtu sawa na wewe.

Basi sikiliza, na Uwamariya, mwanangu, hapa soma polepole.

Jumamosi Uwamariya akunyoe, akuvalishe shati. Jumapili Esdras akifika usimwache akae afungue daftari, kwa maana akianza kusoma utalia, na ukilia atakubembeleza, na akikubembeleza hutasema. Bati liwe limeshatolewa chini ya kitanda, liko mezani, limefunguliwa. Uwamariya atoke nje akakamue, akatafute kuni, akafanye lolote. Usianze na habari ya vita wala ya daktari wala ya upepo. Usiseme “labda” na usiseme “nilidhani.” Utoe mpira, umpe mkononi, doa likiwa juu, na useme, “Esdras, mpira wako ulikuwa bon. Niliuona.” Kisha nyamaza. Najua ulikuwa mkurugenzi, lakini nyamaza.

Akikasirika, ana haki, mwache akasirike, usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo kama mtu anayedai chenji. Akiondoka, ataondoka, dakika kumi si mbali, na mtu aliyetoka Kashebere kwa ajili yako hatashindwa kurudi kutoka kwa Mamy. Akicheka, cheka naye, ila siyo kwa nguvu kuliko yeye safari hii. Akikuuliza kwa nini, mpe ile sentensi uliyoifuta mara mbili. Nzima.

Halafu mrudishie kalamu. Hotuba ni yake. Ataandika anachotaka, utajwe mwizi wa fromage mbele ya kwaya nzima au usitajwe, wewe utasikiliza tu, na ukiwa na bahati utaisikiliza ukiwa bado na masikio. Watoto wako hawatakufa kwa kusikia kwamba baba yao alidanganya siku moja akiwa na miaka arobaini na mitatu. Pengine watapumua. Kuwa watoto wa Papa Mustari si kazi nyepesi.

Unga aliokuletea usigawiwe. Uwamariya asonge ugali wa muhogo Jumapili hiyo, mle wote wawili, tumbo lako livumilie mara moja.

Na mkishamaliza kula, ikiwa yuko bado hapo, usimwambie kwamba alishinda, hatakubali, na si kweli. Mwambie matokeo kama yalivyo: tano kwa nne, arobaini kwa arobaini. Mpira unao wewe, Papa. Na kama nilivyoisoma barua yako, zamu ya kuanzisha ilikuwa yako.

Mama Geneviève